Nyaraka za Mtoto Anayesafiri Nje ya Nchi na Mzazi Mmoja

Matini ya mazungumzo kwa wazazi, walezi, watendaji wa kata na wahudumu wa vituo vya afya



Barabara ya lami itokayo Shinyanga hupita Kahama, Ushirombo na Runzewe hadi Nyakanazi, na kutoka huko huendelea mpaka Rusumo na Kabanga, milango ya kuingilia Rwanda na Burundi. Anayetoka Geita hupita Chato na Biharamulo hadi Bukoba na mpaka wa Mutukula, ambako ng'ambo yake ni Uganda. Anayekwenda Kenya huzunguka Mwanza na Tarime hadi Sirari. Katika njia hizo husafiri wafanyabiashara wa nguo na vipuri, wagonjwa wanaofuata matibabu, na watoto waliopelekwa shule za bweni za Uganda na Kenya. Wengine hupanda ndege Mwanza na kuunganisha Dar es Salaam kwenda India, Afrika Kusini, Dubai au Ulaya. Watoto wengi miongoni mwa wasafiri hao huongozana na mzazi mmoja tu, na mara nyingi mzazi huyo ni mama.

Mzazi wa namna hiyo, akifika dirishani kwa ofisa wa Uhamiaji au kwenye ubalozi anakoomba viza, huulizwa swali ambalo mwenzake aliye na mume au mke ubavuni haulizwi: mzazi wa pili yuko wapi, na je, anajua kwamba mtoto huyu anaondoka? Wako akina mama wanaolichukulia swali hilo kama tusi. Amemzaa, amemlea peke yake, amelipa ada na dawa kwa jasho lake, leo mtu mwenye sare anamtaka alete karatasi ya mwanamume ambaye hajanunua hata daftari. Uchungu huo una haki yake. Hata hivyo swali lenyewe halikutungwa kwa ajili ya kumdhalilisha mama. Liko pale kwa sababu ofisa hana njia ya kumtofautisha, kwa kumtazama usoni, mama mwenye mtoto wake na mtu anayemtorosha mtoto wa mwenziwe.

Sheria mbili zinalipa swali hilo uzito. Ya kwanza ni Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu Na. 6 ya mwaka 2008, ambayo inamtazama mtoto kuwa ndiye aliye hatarini zaidi. Wakazi wa ukanda wa dhahabu hawahitaji kuelezwa kwa kirefu maana ya mtoto kuchukuliwa kwa ahadi ya shule kisha akakutwa kwenye mwalo akiosha mchanga au nyumbani kwa mtu akifanya kazi za ndani. Ya pili ni Sheria ya Mtoto Na. 21 ya mwaka 2009. Kwa sheria hiyo mtoto ni kila aliye chini ya umri wa miaka 18. Ana haki ya jina, uraia na kuwajua wazazi wake. Na wazazi wakitengana, anabaki na haki ya kumtembelea na kukaa na yule asiyeishi naye. Haki hiyo ni ya mtoto. Ndiyo maana mama au baba mmoja haruhusiwi kuifuta kwa kumvusha mpaka kimyakimya, hata kama yeye na mwenzake hawasalimiani.

Liko jambo jingine ambalo hutajwa kwa nadra. Upo Mkataba wa Hague wa Oktoba 25, 1980 kuhusu watoto waliochukuliwa na mzazi mmoja na kupelekwa nchi nyingine, ambao nchi wanachama hurejesheana watoto wa namna hiyo. Tanzania haimo katika mkataba huo. Maana yake kwa mzazi anayebaki Shinyanga au Geita ni kwamba mtoto akishatua nchi ya mbali bila ridhaa yake, hakuna njia fupi ya kumrudisha. Atalazimika kufungua shauri katika mahakama za nchi ile, kwa gharama ambazo wengi hawaziwezi. Kinga yake kubwa iko kabla ya safari, katika nyaraka zile zile ambazo mzazi anayesafiri huziona kuwa usumbufu.

Nyaraka hizo huanza siku mtoto anapozaliwa.

Cheti cha kuzaliwa ndicho msingi wa kila kinachofuata. Sensa ya mwaka 2012 ilionyesha kuwa kati ya watoto wa Tanzania Bara walio chini ya umri wa miaka mitano, waliokuwa na cheti hawakuzidi sana asilimia 13. Kutokana na hali hiyo, Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, yaani RITA, ulianza mwaka 2013 mkoani Mbeya mpango wa kuwasajili watoto wa umri huo bila malipo katika vituo vya afya na ofisi za watendaji wa kata. Mikoa ya Geita na Shinyanga nayo ikaingizwa katika mpango huo. Mama anayekwenda kliniki kupima uzito wa mtoto anaweza kurudi na cheti siku hiyo hiyo. Aliyechelewa hadi mtoto akavuka miaka mitano hulazimika kufuata ofisi ya Msajili katika ofisi ya Mkuu wa Wilaya au kuomba kupitia mfumo wa eRITA, akiwa na tangazo la kizazi, kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo au nyaraka za shule. Hilo linawezekana, lakini lina safari zake. Aliyejifungulia kijijini kwa mkunga wa jadi, mbali na zahanati, huanza na barua ya mtendaji wa kijiji.

Katika ukanda huu kuna tatizo moja la kijiografia ambalo huwapotezea watu muda bila sababu. Mkoa wa Geita ulianzishwa mwaka 2012. Kabla ya hapo Geita yenyewe ilikuwa katika Mkoa wa Mwanza, Bukombe na Mbogwe zilikuwa Shinyanga, na Chato ilikuwa Kagera. Kwa hiyo mama aliyezaliwa Ushirombo mwaka 1990 ana cheti kinachosema Shinyanga, na mwanawe aliyezaliwa katika hospitali ile ile mwaka 2015 ana cheti kinachosema Geita. Vyeti vyote viwili ni sahihi. Pasiwepo mtu wa kumshauri mama huyo aende kubadilisha chake ili “kifanane” na cha mtoto. Cheti hutaja mahali kama palivyoitwa wakati wa usajili. Ofisa wa nchi ya kigeni akiuliza, jibu ni kueleza kwa maandishi kwamba mipaka ya mikoa ilibadilika.

Kisichokuwa sahihi, na ambacho kimekuwa desturi mbaya, ni kuandikisha jina la baba asiye baba. Binti hujifungua, kijana aliyempa mimba amekana au amehamia machimbo mengine. Familia kwa kuona aibu ya nafasi iliyo tupu humwandikisha babu mzaa mama kuwa ndiye baba, au mjomba, au bwana aliyekuja kumwoa binti huyo baadaye. Nia ni njema: mtoto apate jina na asichekwe shuleni. Matokeo huonekana baada ya miaka kumi. Mama anapotaka kusafiri na mtoto, ofisa anadai ridhaa ya mtu aliyetajwa kwenye cheti. Kama ni babu, itaonekana kwamba mama na baba wa mtoto ni mtu na mzazi wake, na maswali yatakayofuata si mepesi. Kama ni mume wa zamani ambaye waliachana kwa ugomvi, mtu asiye na damu na mtoto anakuwa na uwezo wa kuizuia safari. Na kama baba halisi atajitokeza akiwa na cheti kingine, maana vyeti viwili vya mtoto mmoja vimewahi kuonekana, suala hutoka Uhamiaji likaingia polisi.

Mama asiye na mwanamume wa kumwandika kwa ukweli ni heri aiache nafasi hiyo. Cheti kisicho na jina la baba ni cheti halali, na katika suala la safari ndicho chepesi kuliko vyote, kwa kuwa kinaonyesha wazi kwamba mzazi anayetambuliwa ni mmoja. Baba akitaka kumkubali mtoto wake baadaye, njia iko wazi, na akikataa hali yeye ndiye, Sheria ya Mtoto inaruhusu shauri la kuthibitisha uzazi mbele ya mahakama, pamoja na kipimo cha vinasaba. Aliyekwisha kuandikisha jina lisilo la kweli aende kwa Msajili mapema na kulieleza jambo hilo. Kulingoja hadi tiketi imekatwa ni kulifanya kuwa gumu zaidi.

Kuhusu pasipoti, maelezo machache yanatosha. Tangu Januari 31, 2018 Tanzania inatoa pasipoti ya kielektroniki. Fomu hujazwa mtandaoni na mwombaji hufika ofisi ya Uhamiaji. Kila mtoto awe na pasipoti yake mwenyewe, hata aliye mgongoni. Siku za kuandika majina ya watoto ndani ya pasipoti ya mama zimekwisha. Maombi ya aliye chini ya miaka 18 huambatana na ridhaa ya wazazi au mlezi wa kisheria. Kwa safari fupi za nchi jirani, Uhamiaji hutoa pia Hati ya Dharura ya Safari, ambayo ni nafuu kwa gharama. Baadhi ya wasafiri hufika Rusumo au Mutukula wakiamini kwamba kitambulisho cha taifa kinatosha, kwa kuwa wamewaona Wanyarwanda na Waganda wakipita kwa vitambulisho. Utaratibu huo, ulioanza mwaka 2014, ulizihusu Kenya, Uganda na Rwanda kati yao. Isitoshe, kitambulisho cha mzazi hakimsemei mtoto.

Baada ya cheti na pasipoti hufuata karatasi inayoleta ugomvi: ridhaa ya mzazi asiyesafiri.

Mzazi huyo akiwa hai, anajulikana aliko na amekubali, kazi ni ya siku moja. Ridhaa huandikwa kama hati ya kiapo mbele ya wakili ambaye ni Kamishna wa Viapo au mbele ya hakimu. Itaje majina kamili ya mtoto kama yalivyo kwenye pasipoti, namba ya pasipoti hiyo, jina la anayesafiri naye na uhusiano wao, nchi wanakokwenda, tarehe ya kuondoka na ya kurudi, mahali watakapofikia, na namba ya simu ambayo mtoa ridhaa ataipokea ofisa akipiga usiku. Nakala ya kitambulisho chake iambatanishwe. Ridhaa isiyo na tarehe ya kurudi ni udhaifu: ofisa wa viza huisoma kama ruhusa ya kuhama, na mtoa ridhaa naye hujinyima ushahidi ikiwa mtoto hatarudishwa. Ujumbe wa WhatsApp unaosema “nenda naye tu” hauna nafasi mezani. Mama aliye Oman kwa kazi za ndani, akiwa amemwachia baba watoto Kahama, anaweza kutoa ridhaa yake katika Ubalozi wa Tanzania mjini Muscat na kuituma. Kanuni ni ile ile kwa baba anayelea peke yake kama ilivyo kwa mama. Ofisa hachagui jinsia, ingawa ukweli ni kwamba baba aliye na binti mdogo huulizwa maswali mengi zaidi.

Hapa yafaa kugusa suala la ukoo. Usukumani, kama ilivyo kwa makabila mengine ya ukanda huu, mahari ya ng'ombe ndiyo iliyokuwa ikiamua mtoto ni wa upande gani. Ng'ombe wakitolewa, watoto huhesabiwa kwa baba; wasipotolewa, hubaki kwa wazazi wa mama. Wazee wengi bado huamini kwamba mwenye kauli juu ya safari ya mtoto ni babu au baba mkubwa, na si busara kwa mzazi kuondoka bila kuwaaga. Lakini barua ya babu haichukui nafasi ya ridhaa ya mzazi mbele ya Uhamiaji au ubalozi, na kutokutolewa mahari hakumfuti baba aliyeandikwa kwenye cheti. Mahakama inapoamua mtoto akae na nani, jambo linalotangulia ni ustawi wa mtoto. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inachukulia kuwa mtoto aliye chini ya miaka saba hufaa kukaa na mama yake, isipokuwa ikithibitishwa vinginevyo.

Hali iliyo ngumu kuliko zote, na ndiyo ya kawaida zaidi katika vijiji vya machimbo, ni ya mzazi asiyejulikana aliko. Rashi ya dhahabu ikisikika Chunya au Singida, vijana huyaacha maduara ya Rwamgasa na Nyarugusu kwa usiku mmoja. Namba ya simu hubadilika, jina alilotumia kambini lilikuwa la utani, na wenzake wanajua tu kwamba “alielekea Mbeya”. Miaka mitatu inapita. Mke hajui kama aandike kwamba ana mume.

Uchukuliwe mfano wa mama wa aina hiyo, anayeishi karibu na Kakola na kuuza chakula kwa wachimbaji. Mtoto wake ana tatizo la macho, na dada yake anayeishi Nairobi amempatia nafasi kwa daktari huko. Cheti cha mtoto kina jina la baba, na ni la kweli. Baba alionekana mara ya mwisho mwaka mmoja na nusu uliopita. Majirani watamshauri mambo mawili. La kwanza ni kumtafuta kijana yeyote atie saini kwa jina la baba. Hilo ni kughushi, kosa la jinai chini ya Kanuni ya Adhabu, na kutoa maelezo ya uongo ili kupata pasipoti ni kosa jingine. Mama aliyetaka kumtibu mtoto anaweza kujikuta mahabusu na mtoto akabaki na ugonjwa wake. La pili ni kutangaza kwamba baba amekufa. Hilo ni baya zaidi, kwa sababu cheti cha kifo hugusa mirathi, ndoa na watoto wengine wa marehemu huyo aliye hai.

Njia iliyo halali huanza kwa mtendaji wa kijiji au mtaa ambako baba aliishi mara ya mwisho, anayeandika barua kuthibitisha kwamba mtu huyo hayupo na tangu lini. Kisha mama huapa hati ya kiapo inayosema ukweli wote: walivyoishi, siku ya mwisho ya mawasiliano, namba zilizopigwa, ndugu waliofuatwa na majibu yao. Saini au barua ya mama mkwe au shemeji huipa hati hiyo nguvu, na mara nyingi ndugu wa mume hukubali wakielezwa kwamba safari ni ya matibabu. Ofisa Ustawi wa Jamii wa Halmashauri huisikiliza familia na kuandika taarifa yake. Kwa nyaraka hizo mama anaweza kufika Uhamiaji na kueleza hali yake, na kwa safari ya jirani pengine zitatosha. Lakini kwa balozi zinazodai amri ya mahakama, na kwa kila mzazi anayejua kwamba atasafiri tena na tena, hatua iliyo salama ni kuomba Mahakama ya Watoto itoe amri kwamba mtoto yuko chini ya uangalizi wake na kwamba anaruhusiwa kusafiri naye. Amri hiyo hukaa miaka. Barua ya mtendaji huchakaa baada ya safari moja.

Hakuna haja ya kuharakisha kumwita mtu marehemu. Oktoba 2015 ardhi iliwafukia wachimbaji huko Nyangalata, wilayani Kahama, na watano wakaopolewa wakiwa hai baada ya siku 41, wakati wengi walikwisha kukata tamaa. Sheria nayo ina subira: kwa Sheria ya Ndoa, mtu huhesabiwa kuwa amefariki ikithibitishwa mahakamani kwamba kwa miaka mitano hajasikika kwa wale ambao wangetarajiwa kupata habari zake kama angekuwa hai. Mzazi ambaye kifo chake kina uhakika, cheti cha kifo kutoka RITA ndicho kinachochukua nafasi ya ridhaa. Kibali cha mazishi peke yake hakitoshi, na wajane wengi hukitunza wakidhani ndicho cheti.

Anabaki mzazi anayejulikana aliko na anayekataa. Wapo wanaokataa kwa hofu ya kweli ya kutomwona mtoto tena, na hofu hiyo hupungua wakionyeshwa tiketi ya kurudi na anwani ya mwenyeji. Wapo pia wanaoifanya saini kuwa bidhaa, wakidai fedha au wakitaka mama aliyeachika arudi nyumbani. Mama asilipe. Jambo lipelekwe kwa Ofisa Ustawi wa Jamii, ambaye huwaita wote wawili. Likishindikana, Mahakama ya Watoto ina uwezo wa kuamua, na hakimu atapima sababu ya safari, muda wake na maslahi ya mtoto. Uwezo wa mahakama una pande mbili. Sheria ya Ndoa inaruhusu pia mzazi mwenye wasiwasi kuomba zuio la mtoto kutolewa Tanzania wakati shauri la ndoa linaendelea, au pale mzazi mmoja alipokabidhiwa mtoto. Asiyeweza kumlipa wakili aulizie wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Ofisi ya Maendeleo ya Jamii ndiyo mahali pa kuanzia.

Ikumbukwe kwamba kuruhusiwa kutoka si kuruhusiwa kuingia. Kila nchi ina masharti yake, na hubadilika. Mfano mzuri ni Afrika Kusini, inayofahamika kwa wengi katika miji ya migodi. Kuanzia Juni 1, 2015 nchi hiyo ilidai kwamba mtoto anayeingia na mzazi mmoja awe na cheti cha kuzaliwa kinachotaja wazazi wote wawili, pamoja na kiapo cha ridhaa cha mzazi asiyekuwepo, au amri ya mahakama, au cheti cha kifo. Mashirika ya ndege yaliwazuia abiria kupanda kwa kukosa karatasi moja kati ya hizo. Biashara ya utalii ikalalamika, na masharti yakalegezwa mwaka 2018 na 2019. Aliyesafiri mwaka 2016 na aliyesafiri mwaka 2020 wanaweza kusimulia mambo mawili tofauti, na wote wakawa wakweli. Kwa hiyo ushauri wa jirani aliyewahi kwenda usichukuliwe kuwa sheria. Ubalozi uulizwe upya kila mara. Nchi za Ulaya zinazotumia viza ya Schengen hudai ridhaa ya mzazi wa pili wakati wa kuomba viza ya mtoto. Kanada na Marekani huwashauri wazazi wabebe barua hiyo, na anayeikosa anaweza kuhojiwa akiwa tayari ametua.

Lugha nayo ina mchango wake. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021, Kiswahili ndicho lugha ya mahakama zetu, jambo ambalo limewawezesha wananchi kuelewa hukumu zao bila mkalimani. Lakini ofisa wa ubalozi wa India au Ujerumani hataisoma amri ya hakimu wa Kahama. Tafsiri ifanywe na mtaalamu na ithibitishwe na BAKITA, Baraza la Kiswahili la Taifa, na pale nchi husika inapodai, nyaraka zithibitishwe pia na Wizara ya Mambo ya Nje kabla ya kuwasilishwa ubalozini. Kutoka Geita hadi Dodoma au Dar es Salaam na kurudi ni wiki, si siku. Mwenye safari ya Desemba aanze Agosti.

Majina yahitaji jicho la ziada. Katika familia za hapa si ajabu mtoto mmoja kuitwa Kulwa nyumbani, Paulo kanisani, na shuleni akaandikishwa kwa jina la babu. Mama naye yumo kwenye cheti cha mtoto kwa jina la utoto na kwenye kitambulisho chake kwa jina la ubatizo. Kwa jirani wote ni watu walewale. Kwa mtambo wa uwanja wa ndege ni watu watano. Tofauti ndogo hutatuliwa kwa kiapo kinachoeleza kwamba majina haya mawili ni ya mtu mmoja. Tofauti kubwa hudai hati ya kubadili jina iliyosajiliwa. Tiketi ikatwe kwa jina la pasipoti, herufi kwa herufi.

Siku ya safari, nyaraka halisi zibebwe mkononi, zisiwekwe katika begi linalopakiwa kwenye buti la basi au tumboni mwa ndege. Nakala moja ibaki kwa ndugu nyumbani. Mtoto anayejua kusema afundishwe majina kamili ya wazazi wake wote wawili na sababu ya safari, kwa kuwa ofisa mwenye uzoefu humwuliza mtoto kwanza, na mtoto aliyeambiwa anyamaze huzua shaka kuliko asiye na barua. Mwanafunzi wa bweni anayevushwa Mutukula au Sirari na mwalimu au kondakta wa basi, bila mzazi hata mmoja, awe na ridhaa ya wazazi wote wawili yenye jina la anayemsindikiza, pamoja na barua ya shule. Muhula ukifunguliwa mabasi hujaa watoto wa namna hiyo, na wengi wao hubeba barua ya shule peke yake.

Ofisa Ustawi wa Jamii anapatikana makao makuu ya Halmashauri siku za kazi, na huduma yake haina malipo. Usajili wa watoto walio chini ya miaka mitano huendelea katika zahanati na vituo vya afya siku za kliniki. Mama aje na kadi ya mtoto, na baba aliye karibu aje naye ili jina lake liandikwe akiwepo.